Mdomo wa Bomba Uko Wapi?

Kijana alifika na boksi begani kabla sijafungua hata sanduku langu la spana. "Shikamoo mama fundi." Nikamwitikia huku nikilitazama gari lake: Toyota Altezza nyeupe, gia sita za mkono, rimu nyeusi, na vumbi la Zegereni limelilalia mpaka kwenye vioo vya pembeni. Ndani ya boksi mlikuwa na bomba la aluminiamu linalong'aa kama sufuria mpya, viungio vya mpira wa silikoni, klipu nne, na eya klina nyekundu yenye umbo la pia. Aliyemuuzia huko Dar es Salaam alimhakikishia kwamba gari litaongezeka nguvu za farasi 20 na mafuta yatapungua.

"Nifungie leo mama. Usiku naingia shifti."

Vijana wanakiita kifaa hicho inteki. Unatoa lile boksi jeusi la plastiki linalokaa kona ya mbele chini ya boneti, unaweka bomba pana na eya klina iliyo wazi, ili injini ivute hewa nyingi zaidi na ya baridi zaidi. Nimeshafunga kadhaa. Nimeshafungua kadhaa pia, nyingine kwa huzuni. Ndiyo maana nilimwambia akae kwanza kwenye benchi, kwa sababu kila anayekuja na boksi kama lile namuuliza swali hilohilo: mdomo wa bomba utakuwa wapi?

Gereji yangu iko chini ya mikorosho miwili, Zegereni, Kibaha, pembeni ya njia inayopita malori ya viwandani. Tipa za mchanga, semi za saruji na nondo, Fuso za maji. Likipita moja wakati wa kiangazi, nguo zilizoanikwa zinabadilika rangi. Sisi tumeshazoea, tunafunga mdomo na kusubiri lipite. Injini haina namna ya kusubiri.

Ufundi niliurithi kwa baba. Alifanya kazi Tamco hapa Kibaha, enzi zile Scania zilipokuwa zikiunganishwa pale, na siku za mapumziko alitengeneza trekta za watu. Trekta za Massey Ferguson za zamani hazikuwa na eya klina ya karatasi. Zilikuwa na bakuli la oili. Hewa inashuka, inagonga oili, vumbi linanasa humo, hewa safi inapanda kwenda kwenye injini. Siku moja baba alifungua bakuli baada ya siku mbili za kulima, akamwaga oili taratibu, kisha akakwangua tope lililotuama chini na kuliweka juu ya gazeti mbele yangu. Lilikuwa zito kama ugali wa ulezi. Akaniambia, "Hili lingekuwa ndani." Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nikishika eya klina ya mtu naliona lile gazeti.

Nikaanza kumweleza kijana jinsi gari lake linavyopumua. Watu wengi hufikiri injini inakula petroli peke yake. Kwa uzito, inakula hewa mara 14 na zaidi kuliko petroli. Kipimo kinachotajwa siku zote ni 14.7 kwa 1. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo inahitaji karibu kilo 11 za hewa. Kwa joto letu la nyuzi 30, hizo ni zaidi ya lita 9,000 za hewa, yaani simtank 9 za lita 1,000, kwa lita moja tu ya mafuta. Injini ya Altezza yake ni ya lita 2. Ukiikanyaga mpaka mizunguko 7,600 kwa dakika, inaweza kumeza simtank nzima ya hewa kwa sekunde 8 hivi.

Alikaa kimya akiyatazama matangi yaliyo juu ya paa la jirani. Nafikiri hapo ndipo alipoanza kunisikiliza.

Habari ya baridi ni hii. Hewa ikipata joto inatawanyika, kwa hiyo ndani ya ujazo uleule unapata hewa kidogo. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa asilimia 7 na nusu hivi ukilinganisha na hewa ya nyuzi 35. Injini ya petroli inachoma mafuta kulingana na hewa iliyoingia, kwa hiyo ikivuta hewa ya moto inapoteza nguvu. Mpaka hapo muuzaji alisema kweli. Tatizo ni kwamba bomba lenyewe halipoozi chochote. Aluminiamu ikikaa juu ya injini inapata moto kama kila kitu kilicho jirani yake. Ubaridi wa hewa unategemea inachotwa wapi, na eya klina nyingi nyekundu ninazoziona zimefungwa wazi chini ya boneti, nyuma ya rejeta, zikivuta hewa iliyokwisha kupashwa na injini yenyewe. Wenye magari wanazilipia kama hewa baridi.

Nina vipimajoto viwili vyenye waya mrefu, vile vya kuwekea kwenye jokofu. Siku ile nilichomeka kimoja ndani ya boksi la kiwandani la gari lake, kingine nikakifunga pale ambapo eya klina nyekundu ingekaa. Ilikuwa saa saba mchana, nje nyuzi 33. Tuliacha gari linaunguruma limesimama kwa dakika kumi. Penye eya klina mpya palisoma 58. Ndani ya boksi la zamani, 42. Kisha tukatoka wote wawili, Visiga mpaka Mlandizi kwa barabara ya Morogoro, mwendo wa 80. Upepo ulipoanza kupita vizuri, tofauti ikawa nyuzi tatu tu, 39 kwa 36, na boksi la zamani ndilo lililokuwa na ubaridi zaidi.

"Kwa hiyo nimetupa hela?" aliniuliza tukigeuza pale Mlandizi.

Sikumjibu ndiyo wala hapana, maana jibu lilitegemea kazi itakavyofanywa. Lakini nilimtaka ajue boksi lile jeusi lilivyotengenezwa. Wahandisi wa Toyota hawakuliweka pale kwa kubahatisha. Mdomo wake unatazama mbele, karibu na ukingo wa juu wa rejeta, ambako hewa ya nje inafika kwanza na maji ya barabarani hayafiki kirahisi. Njiani kuna kijichumba kinachoonekana hakina kazi, na mafundi wengi wanakikata na kukitupa. Kile ni cha kumeza sauti. Ukipuliza mdomo wa chupa ya soda inalia kwa sauti yake maalumu. Kijichumba kile ni chupa iliyopimwa ili ilie kinyume na mngurumo wa injini, sauti mbili ziuane. Ukikiondoa, injini inanguruma kifuani mwako kila ukikanyaga mafuta, na moyo unakuambia gari limeongezeka nguvu. Nimepanda na wateja wengi kwenye magari yao wakiniambia, "Unasikia mama?" Nasikia. Ila sikio halipimi nguvu za farasi. Kwa injini ya kawaida isiyo na tabo, ambayo haijaguswa kitu kingine, inteki iliyofungwa vizuri inaongeza kidogo, na kidogo hicho kinakuja kule juu kwenye mizunguko mikali. Farasi 20 siwezi kumwahidi mtu.

Kuhusu mafuta, nilimweleza jambo ambalo hata mafundi wenzangu hubishana nalo. Mwaka 2009 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, walichukua magari yenye sindano za mafuta wakayaziba eya klina makusudi, wakapima ulaji wa mafuta. Haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni mchomoko, gari likawa zito kuondoka. Sababu ni kwamba kwenye magari haya kontroli boksi inapima hewa iliyoingia na kutoa mafuta yanayolingana nayo. Gari la kabureta la zamani halina hesabu hiyo, ndiyo maana imani ya kwamba eya klina chafu inakula mafuta imebaki vinywani mwetu tangu enzi za Peugeot 504. Na ikiwa kuziba hewa hakuongezi ulaji wa mafuta, kuifungulia hakuwezi kuupunguza kama muuzaji anavyodai.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni vumbi. Udongo wa Kibaha una mchanga mwingi, na mchanga kwa sehemu kubwa ni kwatzi, jiwe gumu kuliko chuma cha ringi za pistoni. Chembe kubwa unazoziona hazinitishi sana, hizo zinanaswa. Zinazoua injini ni zile zinazoelea baada ya lori kupita, ambazo huwezi kuziona moja moja, nyembamba kuliko unywele mara kadhaa. Zikipenya zinakaa kati ya ringi na silinda na kusaga, kidogo kidogo, kila mzunguko. Hakuna taa inayowaka. Baada ya miezi gari linaanza kula oili, moshi wa bluu unatoka, na mwenye gari anamlaumu aliyemuuzia oili.

Eya klina ya karatasi, ile ya bei ndogo inayotoka na gari, ni hodari sana kwa vumbi la aina hii. Tena ikishachafuka kidogo inanasa vizuri zaidi, kwa sababu vumbi la kwanza linakuwa chujio la vumbi linalofuata. Kwa hiyo wanaozipuliza kwa kompresa kila wiki wanajipa kazi na kuzitoboa matundu yasiyoonekana. Ile nyekundu ya pamba inafanya kazi kwa oili inayopakwa juu yake. Kampuni ya K&N iliyoanzia California ndiyo iliyoieneza duniani. Ni chujio halali, na faida yake ni kwamba inaoshwa na kurudishwa. Lakini inataka nidhamu. Ukiipaka oili kidogo, vumbi linapita. Ukiipaka nyingi, oili inarushwa na upepo na kutua kwenye sensa ya hewa, ambayo ndani yake ina kiwaya chembamba kinachopashwa moto ili kupima hewa inayopita. Kiwaya kikipata utandu wa oili kinadanganya, na kontroli boksi inaupokea uongo huo na kutoa mafuta yasiyo sahihi.

Hata wenye fedha na wahandisi wa daraja la kwanza vumbi linawasumbua. Safari Rally, ambayo mwaka 1953 ilianza kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 ilikutana na vumbi la Naivasha, laini kama unga wa muhogo, madereva wanaliita fesh-fesh. Magari yalikabwa pumzi humo. Mwaka 2024 magari ya daraja la juu yaliruhusiwa kufunga snokeli, bomba linalopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka karibu na paa, kama la Land Cruiser za mbugani. Hawakuongeza bomba la kung'aa. Waliupandisha mdomo juu, mbali na vumbi na maji.

Maji nayo yana kisa chake, na kisa hicho ni changu. Miaka kadhaa iliyopita nilimfungia mteja mmoja inteki ndefu, ile inayoshuka mpaka nyuma ya bampa. Kwa hesabu ya joto nilikuwa sahihi kabisa: kule chini hewa ni ya nje tupu, haijaguswa na injini. Tulifurahi wote. Ilikuwa Januari. Mwezi wa nne masika ikafika, na jioni moja akapita Jangwani, Dar es Salaam, maji yakiwa yameshaanza kutanda barabarani. Hayakuwa ya kutisha, aliniambia, yalifika nusu ya tairi. Lakini mdomo niliouweka mimi ulikuwa chini ya hapo. Injini ilikunywa. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ilipopanda ikakuta maji, ikagoma, na akajaribu kuwasha tena mara mbili kama mtu yeyote angefanya. Alipoletwa kwa kuvutwa, nilifungua injini nikakuta konirodi moja imepinda kama kijiko. Nilimlipia nusu ya gharama kwa mafungu, na lile bomba bado ninalo, limening'inia kwenye mkorosho wa pili. Kila anayetaka inteki ya chini namwonyesha kwanza.

Basi tukarudi kwenye Altezza. Kijana alikuwa bado anaitaka, na mimi simnyimi mtu furaha ya gari lake. Amelidundulizia shifti kwa shifti. Tulikubaliana kwamba eya klina yake tutaifunga, ila ndani ya chumba chake, na mdomo utabaki palepale Toyota walipouweka.

Tulisubiri injini ipoe. Nikafungua waya hasi wa betri kwa spana namba 10, nikachomoa soketi ya sensa kwa kubonyeza kikufuli chake, bila kuvuta nyaya. Klipu ya mpira, hozi ya kupumulia inayotoka kwenye kifuniko cha juu cha injini, boliti za boksi. Boksi lilipotoka nilisokota kitambaa safi nikaziba mdomo wa throto papo hapo. Nati moja ikidondoka humo, umeharibu kazi ya siku nzima na pengine vali.

Sensa ndiyo iliyotuchukulia muda. Bomba lake jipya lilikuwa pana kuliko sehemu ya zamani inapokaa sensa. Wengi hawalijali hilo. Kumbe sensa inapima hewa inayopita mbele yake tu, na kontroli boksi inakadiria iliyobaki kwa kujua upana wa bomba. Ukilipanua, hewa nyingi inapita pembeni bila kuhesabiwa, mafuta yanatoka pungufu, injini inachoma kwa kiu na taa ya chek enjini inawaka. Kwa hiyo nilikata kile kipande cha plastiki cha kiwandani kinachoshika sensa, nikakiunga mwanzoni mwa bomba jipya kwa kiungio cha silikoni, mshale wa sensa ukielekea injini na kile kipete chake cha mpira kikiwa mahali pake. Hozi ya kupumulia nikairudisha baada ya sensa. Watu huiacha ikining'inia na kichujio kidogo cha urembo mwishoni. Kwenye gari kama hili hapo hewa isiyopimwa inapata mlango.

Chumba nilikitengeneza kwa bati la aluminiamu. Nililikunja kuta tatu, nikaweka sakafu, na juu nikapanga mpira wa mlango wa gari la zamani ili boneti ikifungwa iukandamize na joto lisipite. Ule mdomo wa kiwandani nikauelekeza ndani ya chumba. Kati ya bomba na feni niliacha nafasi ya vidole viwili, maana injini inatikisika kwenye mauntini zake kila ukikanyaga mafuta, na bomba linalogusa leo kesho limetoboka.

Tulimaliza jua limeshaanza kwenda upande wa Ruvu. Vipimajoto nikavirudisha. Gari limesimama linaunguruma, ndani ya chumba cha bati palisoma 43, sawasawa na boksi la zamani ukiacha nyuzi moja. Kijana alikanyaga mafuta, mngurumo ukatoka mzito, akacheka kwa sauti. Nikamfurahia kweli. Boksi lake jeusi nililifunga kwenye mfuko wa saruji nikampa akalihifadhi nyumbani, nikamwomba asiliuze kwa yeyote.

Nilimwagiza arudi baada ya wiki tatu, na alirudi. Kazi ya siku hiyo ni ndogo, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote: nafungua viungio vya bomba, nafunga kitambaa cheupe kwenye kidole, nakipitisha ndani mzunguko mmoja. Kama chujio na viungio vinafanya kazi, kitambaa kinatoka kama kilivyoingia.

Upande wa eya klina kilitoka cheupe. Nikasogea kwenye kiungio cha pili, kinachokutana na plastiki ya sensa. Hapo kikatoka na mstari mwembamba wa rangi ya udongo, mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Kijana aliusogelea, akaushika, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Unakwaruza.

"Unatoka wapi huu, mama?"

Nikamwonyesha klipu. Ilikuwa imekaa upande, ikikaza ukingo mmoja wa silikoni na kuachia mwingine. Lori lilipita barabarani, tukafunika bomba kwa kitambaa mpaka vumbi likatulia, kisha nikachukua bisibisi nikaanza kuifungua upya.